Sinuziti ya mu mine: vidonge tunalipa siye, vumbi atalipa nani?

Kiangazi kimefika tena. Mvua imekatika, na kutoka Kolwezi mpaka Likasi, mpaka Lubumbashi, kila kamio inayopita na mawe inaacha wingu nyuma yake. Vumbi inaingia mu kariere, inaingia mu bisi ya wafanyakazi, inaingia mu nyumba na kulala juu ya sahani za batoto. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba, baridi nayo inaongezeka. Na kila mwaka, wakati kama huu, neno moja linarudi mu midomo ya wachimbaji: sinus.

"Sinus inanipasua kichwa." "Bwana yangu hakulala, ni ile sinus yake." Halafu, kwa wengi wetu, njia ni moja tu: ku farmasi ya pale ku kona, nusu plaketi ya antibiotiki, na asubui kurudi ku kazi. Munganga hakuona, ordonansi hakuna, na nusu plaketi ingine inawekwa juu ya kabati kungojea mugonjwa mwengine.

Siye wa sendika tunapenda leo tuzungumze juu ya ile nusu plaketi. Wengine watauliza: tangu lini sendika inafanya kazi ya banganga? Hatuifanyi. Kuandika dawa ni kazi ya banganga. Lakini pesa inayonunua ile dawa inatoka mu mushahara wetu, vumbi inayoleta mugonjwa ku farmasi inatoka mu kazi yetu, na dawa tukiiharibu, mutoto wetu njo atakayeikosa siku ataihitaji. Haya matatu ni mambo ya sendika.

Tamko la New York na farmasi ya kona

Mu mwezi wa tisa wa mwaka 2024, ku New York, mataifa ya dunia yalikutana mu Umoja wa Mataifa na kukubaliana juu ya mikrobe zinazoshinda dawa. Walijipa malengo ya kufikia mwaka 2030. La kwanza: vifo vinavyohusiana na zile mikrobe vipungue kwa 10 juu ya 100. La pili: kati ya antibiotiki zote zinazotumiwa na watu duniani, angalau 70 juu ya 100 ziwe dawa za kawaida, zile za kundi la kwanza, siyo zile kali ambazo zinapaswa kuchungwa.

Sababu yao iko wazi. Watafiti walihesabu ya kwamba mwaka 2019 watu 1.270.000 walikufa duniani kwa sababu dawa haikuweza tena kuua mikrobe iliyowashika. Na ukihesabu wote waliokufa wakiwa na mikrobe ya namna ile, unafika ku 4.950.000. Sehemu ya dunia iliyoumia zaidi ni Afrika ya kusini ya Sahara, ni kusema kwetu.

Ile habari haikufanya kelele mu makambi ya wafanyakazi. Bei ya kobalti inashuka, kila mutu anajua siku hiyohiyo. Dawa inapoteza nguvu, hakuna anayepiga kengele. Lakini lile lengo la 70 juu ya 100 halitafikiwa ku New York. Litafikiwa ao litashindwa ku meza ya farmasi ya Kasulo, ya Kikula, ya Kenya. Na sinuziti ni moja kati ya magonjwa ambayo watu wanayanywea antibiotiki bila lazima, siyo hapa tu, hata Ulaya na Marekani.

Sinus ni nini?

Ndani ya mifupa ya uso, nyuma ya mashavu, juu ya macho na kando ya pua, kuko matundu yenye hewa. Yale matundu njo sinus. Kila mutu anayo, hata asiye mugonjwa. Ndani yake kuko ngozi laini inayotoa ute, na vinyweleo vidogo sana vinasukuma ule ute kwenda ku pua kupitia vijia vyembamba. Mafua ikiingia, ao vumbi ikizidi, ile ngozi inavimba, vijia vinaziba, ute unabaki ndani. Hapo uso unakuwa muzito, ukiinama kichwa kinapiga, na harufu ya chakula hauisikii tena. Huko kuvimba njo banganga wanaita sinuziti.

Sasa, nani anayeleta kuvimba? Hapa njo penye neno lote. Mara nyingi ni virusi, zilezile za mafua. Antibiotiki haiui virusi, hata ukinywa mufuko muzima. Mara ingine ni vumbi, moshi ya izini, asidi, ao aleji: hapo hakuna mikrobe ya kuua. Mara ingine ni jino la juu lililooza, ambalo mizizi yake iko karibu na sinus ya shavu. Ule mugonjwa anaumwa upande mumoja tu, na pua yake inatoa harufu mbaya. Yeye anahitaji munganga wa meno. Na mara chache ni bakteria. Ni hii ya mwisho tu ambayo antibiotiki inaweza kusaidia.

Mara chache, ni ngapi? Kati ya watu wazima 100 walioshikwa na mafua ya virusi, ni mumoja ao wawili, ao hata hawafiki mumoja, ambao kisha wanapata bakteria mu sinus. Hao wengine wote wanapona wenyewe.

Wengi wanasema: "Lakini kamasi yangu ni ya kijani, hiyo ni mikrobe." Hapana. Ile rangi inatoka mu askari wa damu wanaopigana, na wanapigana na virusi sawasawa na bakteria. Kamasi ya kijani peke yake haionyeshi ya kwamba unahitaji antibiotiki. Na mutu anayetoka mu shimo na kamasi nyeusi ao nyekundu, ile ni vumbi aliyovuta mu kazi, inatoka.

Alama tatu za kukamata

Banganga wanatumia alama tatu ili kufikiri ya kwamba bakteria wameingia. Tunaziandika hapa ili kila mama na kila papa azijue, siyo ili ajiandikie dawa, lakini ili ajue ni siku gani ya kwenda ku lopitali.

Ya kwanza: siku 10 zimepita na ugonjwa haujapungua hata kidogo.

Ya pili: toka mwanzo, homa inafika 39 na kupita, pamoja na usaha mu pua ao maumivu makali ya uso, na inaendelea hivyo siku 3 ao 4 mufululizo.

Ya tatu: mafua ilikuwa inaanza kupona, halafu kisha siku 5 ao 6 inageuka tena, homa inarudi, kichwa kinauma kupita mbele.

Pasipo moja ya hizi, kungojea njo dawa. Kungojea si uvivu. Mwaka 2018, kundi linaloitwa Cochrane, linalokusanya majaribio ya dawa ya dunia nzima, lilitoa hesabu juu ya watu wazima wenye sinuziti ya gafula. Bila antibiotiki yoyote, 46 juu ya 100 walikuwa wamepona kisha wiki moja, na 64 kisha wiki mbili. Wale waliopewa antibiotiki, ni 5 mpaka 11 tu juu ya 100 ambao walipona mbio zaidi kwa sababu ya dawa. Lakini 13 zaidi juu ya 100 walipata shida zilizoletwa na dawa yenyewe, sawa kuhara na tumbo kuuma. Tuangalie hiyo hesabu vizuri sawa vile tunaangalia karatasi ya mushahara: waliopata hasara ni wengi kuliko waliopata faida.

Neno lingine la hapa kwetu. Homa na kichwa, kwa Mukongomani, mbele ya yote ni malaria. Mutu mwenye homa apimwe damu kwanza. Tumeshasikia mara nyingi "ni sinus tu" juu ya mugonjwa ambaye damu yake ilikuwa imejaa malaria. Na zaidi ya yote kwa batoto, ile siku moja ya kukosea inaweza kuwa ya mwisho.

Dawa gani, siku ngapi?

Munganga akiona ya kwamba ni bakteria, dawa ya kwanza si ile ya bei kubwa. Kitabu cha OMS cha mwaka 2022 juu ya antibiotiki kinataja amoksisilini, peke yake ao pamoja na asidi klavulaniki, na kwa kawaida siku 5. Siku 5, siyo vidonge 5. Kipimo chake anakisema munganga kufuatana na mugonjwa: mutoto hapewi nusu ya kidonge ya papa yake, mama mwenye mimba anasema hali yake, na mutu ambaye penisilini ilishamuvimbisha ao kumukatisha pumzi anaisema mbele ya kupewa chochote, juu amoksisilini ni ya jamaa ileile.

OMS iligawa antibiotiki mu makundi matatu toka mwaka 2017. Kundi la kwanza ni zile za kutumiwa mbele, sawa amoksisilini. Kundi la pili ni za kuchunga: mule kuko siprofloksasini, azitromisini, na ile sindano ya seftriaksoni. Kundi la tatu ni za akiba, kwa mugonjwa ambaye zingine zote zimeshindwa.

Sasa tuulize: ku kona, mutu akisema "sinus", wanamupa nini? Mara nyingi ni "Cipro", ao ile azitromisini ya vidonge vitatu, "juu iko makali". Ni kusema, tunarukia kundi la pili kwa ugonjwa ambao mara nyingi hauhitaji hata kundi la kwanza. Na makali yenyewe si ya mahali pale. Bakteria anayeleta sinuziti mara nyingi anaitwa pnemokoke. Siprofloksasini haimuwezi vizuri, na azitromisini amekwisha kuizoea mu inchi nyingi, njo maana banganga wenye kutoa mashauri juu ya sinuziti hawaitaji tena kuwa dawa ya mbele.

Kwa mutu wa mine, siprofloksasini iko na hatari mbili zingine ambazo muuzaji hasemi.

Ya kwanza ni mishipa migumu inayofunga nyama ku mufupa, zaidi sana ule wa nyuma ya kisigino. Dawa za jamaa ya siprofloksasini zinaweza kuilegeza mpaka ikatike. Mwaka 2016, ofisi ya Marekani inayochunga madawa, FDA, ilisema zile dawa zisipewe kwa sinuziti ya kawaida kama kuko dawa ingine, juu ya ile hatari na zingine. Mwaka 2019, Ulaya nayo ilikaza sheria. Mufikiri sasa mutu anayebeba mufuko wa mawe mugongoni, anayepanda na kushuka mu shimo. Kisigino chake njo mushahara wake.

Ya pili ni kifua kikuu. Mutu aliyevuta vumbi ya mawe miaka mingi, na mapafu yake yakaingia ugonjwa wa silikozi, anaweza kukamatwa na kifua kikuu mbio kuliko mutu mwengine, mara nyingi zaidi. Sasa siprofloksasini inapiga kidogo mikrobe ya kifua kikuu, lakini haiimalizi. Mugonjwa anasikia nafuu wiki moja mbili, anasema "ilikuwa sinus na kikohozi", anarudi mu kazi. Ugonjwa unajificha, uchunguzi unachelewa, jamaa nzima inaambukizwa mu chumba kimoja. Na ile mikrobe ikizoea siprofloksasini, inashinda pia dada zake, levofloksasini na moksifloksasini, ambazo banganga wanazitegemea kwa kifua kikuu sugu. Njo maana tunasema: kikohozi kinachopita wiki mbili, kukonda, jasho ya usiku, si mambo ya farmasi. Ni kwenda kupima makohozi, na dawa za kifua kikuu zinatolewa bure ku vituo vya programu ya taifa.

Mutoto wa nani?

Kuko wanaosema: "Mwili ni wangu, dawa nimenunua na franka yangu, inakuhusu nini?" Inatuhusu juu mikrobe haibaki kwa mwenye kununua.

Alexander Fleming, yule aliyeivumbua penisilini mwaka 1928, alipopewa zawadi ya Nobel mwaka 1945 alitoa mufano mu hotuba yake. Bwana mumoja anaumwa koo, ananunua penisilini mwenyewe na kunywa kidogo, haitoshi kuua mikrobe lakini inatosha kuifundisha. Halafu anaiambukiza bibi yake. Bibi anapata ugonjwa wa mapafu, anapewa penisilini, haifanyi kitu, anakufa. Fleming aliuliza: nani aliyemuua? Ule mufano ni wa miaka 80 iliyopita, na bado ni nusu plaketi yetu.

Tena hatuna haja ya kwenda mbali. Hapa Kongo, watafiti wakiwa pamoja na INRB ya Kinshasa walichapisha mwaka 2019 habari ya bakteria ya salmonela inayoingia mu damu. Wanaoumia zaidi na ugonjwa huo ni batoto wadogo. Walikuta ya kwamba jamii moja ya ile bakteria imekwisha kushinda karibu dawa zote za kawaida, pamoja na seftriaksoni na azitromisini. Mutoto anafika ku lopitali na homa ya namna ile, munganga anafungua kabati, na dawa zilizomo ndani ni zilezile bakteria imekwisha kuzizoea. Azitromisini iliyopotea juu ya mafua ya papa, njo ile mutoto anaihitaji.

Hatusemi ya kwamba sinuziti ya wachimbaji peke yake njo iliyoleta mambo yale. Kuko dawa mu ufugaji wa kuku, kuko lopitali bila laboratware, kuko dawa za uongo. OMS ilisema mwaka 2017 ya kwamba mu inchi zenye mapato madogo na ya katikati, dawa moja juu ya 10 haina ubora ao ni ya uongo. Dawa yenye nguvu ya nusu inafanya kazi ileile ya nusu plaketi: inafundisha mikrobe.

Kwa nini watu wanaenda ku kona?

Hapa hatukubaliane na wale wanaokuja mu mikutano kutuambia ya kwamba mufanyakazi ni mujinga. Mufanyakazi anahesabu. Akienda kulala mu nyumba na karatasi ya ugonjwa, sheria inamupa mbili ya tatu ya mushahara wake. Ile ya tatu iliyobaki, njo pesa ya masomo ya batoto. Prime zinaweza kukatika. Akiwa mufanyakazi wa kampani ndogo inayokodisha watu kwa kampani kubwa, anaogopa ya kwamba kisha wiki moja ya ugonjwa, jina lake halitakuwa tena ku liste. Kidonge kinachomusimamisha kesho asubui, hata kama ni uongo, kinaonekana ni cha bei nafuu.

Na mukrezeri, yeye hana hata ile mbili ya tatu. Asiposhuka mu shimo, bukari hakuna. Kumuambia "ngojea siku 10 upumzike" ni kumuambia neno lisilo na mahali mu maisha yake.

Tena kuko enfirmeri za kazi ambazo hazifanyi vizuri kuliko kona. Tumesikia wafanyakazi wa kampani moja, tusiyoitaja, wakieleza ya kwamba kwa kila anayefika na kichwa, kuko mufuko mumoja wa dawa uliotayarishwa mbele, antibiotiki ndani, bila kumugusa uso, bila kumupima homa, bila kumuuliza ugonjwa uko na siku ngapi. Lengo lake ni moja: posti isikose mutu. Ile si matunzo.

Sheria, lakini, iko. Kode ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamulazimisha mwenye kazi kumutunza mufanyakazi pamoja na jamaa yake, kulipa munganga, dawa na lopitali, hata kama ugonjwa haukutokea mu kazi, mpaka mwisho wa mukataba. Ni kusema, yule mwenye mukataba anayetoa franka yake ku kona analipa deni la mwengine. Kodi hiyo hatukuipigia kura.

Kuzima vumbi kuliko kumeza vidonge

Tukirudi ku mwanzo wa ugonjwa, tunakuta vumbi. Sinuziti ikipita wiki 12, banganga wanaiita ya kudumu, na mara nyingi hapo si bakteria tena anayeiongoza, ni kuvimba kusikoisha. Antibiotiki juu ya antibiotiki haitaizima, maana kila asubui mutu anarudi kuvuta ileile vumbi iliyomuvimbisha. Kwa wale wa kobalti ni tena zaidi: vumbi ya kobalti inaweza kuleta aleji na azma kwa mutu wa mu izini.

Njia za kupunguza vumbi zinajulikana toka zamani, na hakuna hata moja iliyo siri. Kutoboa mawe na maji, siyo mukavu. Kumwanga maji mu barabara za kariere na zile zinazopita mu mitaa. Kufunika kamio. Kufunga mahali pa kusaga mawe na kuvuta hewa chafu. Kuweka kabine zenye kufungwa vizuri, na kubadilisha filtre kwa wakati. Kisha hayo yote, maski ya kweli, yenye filtre, inayokaza uso, na inayobadilishwa. Kitambaa ku mudomo ao maski ya karatasi ya lopitali haikamati vumbi laini, na ile laini njo inayoua.

Mu mwezi wa sita wa mwaka 2022, mukutano wa Shirika la Kazi la Dunia uliweka usalama na afya ya kazi kati ya haki za musingi za mufanyakazi, sawa na haki ya kuunda sendika. Na kode yetu inataka kila kampani iwe na komite ya usalama na usafi wa kazi. Tunazijua komite ambazo zinakutana tu siku ya kupiga foto. Badelege wetu wakae mule na karatasi mukononi.

Tunaomba mambo manne, na kila delege anaweza kuyapeleka mu mukutano wa kwanza unaokuja.

Moja: vumbi ipimwe mu kila posti, na hesabu ibandikwe mahali wafanyakazi wanaweza kuisoma.

Mbili: ku enfirmeri, kila mutu anayepewa antibiotiki aambiwe jina la dawa, sababu yake na siku zake, na iandikwe mu karine yake. Siprofloksasini na azitromisini zisitoke bila munganga.

Tatu: mufanyakazi mwenye sinuziti ya kudumu ao kikohozi apimwe mapafu na makohozi, kwa hesabu ya kampani, na akihitaji kutoka mu vumbi, abadilishwe posti bila kupunguza mushahara.

Ine: wafanyakazi wa kampani ndogo wapate matunzo sawasawa na wale wa kampani kubwa. Na kwa bakrezeri, koperative zao na wanunuzi wa mawe watoe mu faida mufuko wa matunzo. Kilo inapimwa kila siku. Tunaweza kupima pia sehemu ya lopitali.

Kwa sasa, mu nyumba

Bamama, mafua ya siku za kwanza: kupumzika kama kuko njia, maji ya kunywa mengi, parasetamoli bila kupitisha kipimo. Kusafisha pua na maji ya chumvi kunasaidia, zaidi kwa anayetoka mu vumbi: nusu litri ya maji yaliyochemka na kupoa, kijiko kidogo kimoja cha chumvi, kingine cha bikarbonati. Maji yawe yaliyochemka, siyo ya kisima wala ya robine moja kwa moja. Dawa ya matone inayofungua pua isipite siku 5, juu ikizidi, pua inaziba zaidi. Antibiotiki iliyobaki isitunzwe, isigawiwe jirani.

Lakini mukiona jicho linavimba ao linakuwa jekundu pembeni ya pua inayoumwa, mutu anaona vitu viwili-viwili, paji la uso linavimba, shingo inakauka, kichwa kinauma kupita cha siku zote, ao mugonjwa anasema maneno yasiyo na mupango, musingojee siku 10 wala asubui. Ni lopitali usiku uleule. Bakteria ya sinus iko karibu na jicho na bongo, na ikivuka, ni saa zinazohesabiwa.

Badelege wanaotaka kusoma hii makala mu mukutano wa posti, waisome. Na kila mufanyakazi ajaribu neno moja wiki hii: akipewa antibiotiki ku enfirmeri, aulize, "Munganga, ni bakteria gani tunaua, na kwa siku ngapi?" Yule anayejua kazi yake atajibu bila kukasirika. Asiyejibu, muandike tarehe, mutuletee.